Mshenga wa Viatu Visivyo na Mwenzake

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Mashine za kiwanda hazijawashwa, na mwanamke wa miaka hamsini na sita ameketi kwenye kigoda katikati ya viatu mia tatu na kumi na viwili. Hakuna jozi hata moja. Simu ameibana kati ya bega na sikio, daftari liko mapajani, na mkononi ameshika kiatu cheusi cha kamba, namba thelathini na tisa, cha mguu wa kulia.

"Nasema bado kipo," anaiambia simu. "Nimekishika hapa. Lakini Ijumaa ikinikuta nacho, sitakuwa na la kufanya. Njoo kabla."

Anasikiliza, anacheka kidogo, anatia alama kwenye daftari. Kiatu anakiweka karibu na mlango. Anachukua kingine.

Ni Jumatatu. Ijumaa saa nane mchana, kila kiatu kitakachobaki katika chumba hiki kitabebwa hadi kwenye shimo lililo nyuma ya kiwanda na kuchomwa. Ikiwa hivyo, utakuwa moshi wa kwanza kutoka shimo hilo kwa miaka minne.

Kiwandani wanamwita Mshenga. Kazi aliyoajiriwa kuifanya miaka ishirini na miwili iliyopita ni kukaa mwisho wa mstari, pale viatu vinapofika vikiwa vimeshonwa, vimebandikwa soli na kupigwa rangi. Anachukua cha kushoto na cha kulia, anavipima kwa macho, anavipapasa kwa vidole gumba, kisha anaamua kama vinafaa kuishi pamoja. Vikifaa, anavilaza mzungu wa nne, ncha ya kimoja kwenye kisigino cha kingine, ndani ya boksi na kulifunika.

"Kwa siku nafungisha ndoa mia nne," anasema, "na sijawahi kualikwa karamu hata moja."

Watu, anaeleza, hudhani viatu viwili vya namba moja ni mapacha. Sivyo. Kimoja kimekatwa ngozi ya mgongoni, kingine ya tumboni. Kimoja kinang'aa na kingine kimenuna. Wakati mwingine soli imekaa upande, au sindano imeacha kovu penye ncha ya kidole. Katika kila jozi mia mbili, kiatu kimoja hukataliwa.

Na kimoja kikikataliwa, mwenzake anabaki peke yake, mzima, hana kosa. Wafanyakazi wana jina lake. Wanamwita mjane.

Kwa miaka mingi mjane hakuwa na maisha marefu. Kanuni ilikuwa kwamba vyote viwili, kibovu na kizima, vinachanwa kwa kisu na kuchomwa kila Ijumaa. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ukatili. Zamani kiwanda kiliwahi kugundua kwamba mtu anaweza kutoka na kiatu kimoja leo akisema ni cha kutupwa, na kingine wiki ijayo, na mwisho wa mwezi anauza jozi sokoni. Moto ulikuwa njia rahisi ya kufunga mlango huo.

Tatizo ni kwamba moshi wa soli haubaki ndani ya ukuta. Ng'ambo kuna nyumba zilizobanana na shule ya chekechea. Wenyeji walizoea kuanua nguo kila Ijumaa kabla ya saa nane, maana zikiachwa nje hulazimika kufuliwa upya. Walimu walifunga madirisha. Mshenga mwenyewe anaishi huko, vyumba viwili, na binti yake na mjukuu wake wa kike ambaye sasa ana miaka minane.

Mjukuu alizaliwa na kifua dhaifu. Wiki yake ya kwanza duniani aliimaliza hospitali, na bibi yake alikuwa akitoka wodini asubuhi na kuja moja kwa moja kazini, bila kulala.

Katika moja ya asubuhi hizo alifanya kosa ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alifunga viatu viwili vya kushoto, namba arobaini na moja, ndani ya boksi moja. Vya kulia viwili akavifunga ndani ya lingine. Maboksi yakaondoka na gari.

La vya kulia lilirudishwa na mwenye duka siku ya nne, pamoja na maneno makali. Mshenga alipewa barua ya onyo. Anasema bado imo kwenye faili lake, na anaomba isitolewe.

La vya kushoto lilirudi wiki moja baadaye. Mlinzi alimfuata mbio: kuna mteja langoni, ameuziwa viatu viwili vya mguu mmoja, anamtaka aliyevifunga. Mshenga alivua aproni, akaikunja vizuri, akaenda nayo mkononi ili aikabidhi. Hakutegemea kurudi.

Langoni alimkuta mwanamume wa makamo amesimama kwa magongo mawili, boksi limening'inia shingoni mwake kwa kamba. Alikuwa na mguu mmoja. Wa kushoto.

"Ni wewe uliyefanya hivi?" aliuliza.

"Ni mimi, kaka. Nisamehe. Nitakubadilishia sasa hivi."

"Unibadilishie nini? Nimekuja kuuliza kama vipo vingine."

Mtu huyo ni fundi saa. Meza yake iko mitaa mitatu kutoka kiwandani, chini ya ngazi za jengo la posta. Mguu wa kulia aliupoteza katika ajali ya gari miaka kumi na mitatu kabla ya siku hiyo, na kwa miaka yote kumi na mitatu alikuwa ananunua viatu viwili na kuvaa kimoja. Vya kulia hakuweza kuvitupa. Vilikuwa vipya.

"Nilikuwa na duka zima chini ya kitanda," anakumbuka, akitabasamu. "Mali safi, na mteja hakuna."

Mshenga alirudi kwenye mstari akiwa bado ameshika aproni. Anasema hakuwaza jambo kubwa. Aliwaza tu kwamba Ijumaa iliyopita alichana kwa mkono wake viatu tisa vizima vya kushoto, na kwamba mtu mmoja mtaani angevaa vyote.

Siku ya pili alipanda kwa mwenye kiwanda, mzee aliyekianzisha, akaomba awe anaweka wajane kwa muda badala ya kuwachoma, na wauzwe nusu bei. Mzee alimuuliza kuhusu wizi. Mshenga alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Kila mjane angetobolewa tundu dogo kwenye ulimi, pale kamba zinapopita juu yake, ili kisiweze kamwe kuuzwa kama nusu ya jozi nzima. Mwenye kukivaa haoni kitu. Mwenye kukiiba anaumbuka.

Mzee alimpa kabati moja, akamwambia akimjia na ombi la pili analivunja.

Mwaka ulipoisha, mzee mwenyewe alikuja na seremala na mbao za rafu. Kabati likawa chumba. Neno lilikuwa limeenea bila tangazo: kwenye kliniki ya viungo, kwa mafundi wa miguu ya bandia, sokoni. Walikuja waliokatwa mguu kwa ajali na kwa sukari. Walikuja pia ambao hawakutarajiwa, watu wenye miguu yote miwili isiyolingana, mmoja namba thelathini na nane na mwingine arobaini, ambao maisha yao yote walinunua jozi mbili ili wapate moja. Kwa mshahara wa mtu wa kawaida, jozi moja ni kazi ya siku sita.

Mshenga hamwambii mtu aonyeshe mguu. Anaomba kiatu cha zamani. Anakigeuza, anaangalia soli ilivyolika, anajua uzito unaegemea wapi. Kisha anaandika katika daftari: namba, upande, kazi ya mtu, anachopenda. Ukurasa mmoja unasomeka, "38 kulia, mshona mashuka, hataki kisigino, anapenda buluu." Kuna watu mia mbili na kumi na wawili ndani ya daftari hilo.

Nao viatu vibovu vikatafutiwa njia. Soli zinachukuliwa na mafundi wa mtaani kwa viraka. Ngozi yenye kovu fundi saa anaikata mikanda ya saa. Miaka minne iliyopita, Ijumaa moja, Mshenga alikwenda shimoni na toroli akakuta hana cha kumwaga. Moto haukuwashwa. Ijumaa iliyofuata pia.

Binti yake, anayefua nguo za watu kwa malipo, anasema ilichukua miezi kabla majirani hawajaamini. "Sisi wenyewe tulikuwa tunaanua halafu tunabaki tunatazamana," anasema. Kuhusu mtoto ni mwangalifu. Hajui kama ni moshi kuondoka au ni mwili kukua. Anachojua ni kwamba zamani walikwenda hospitali kwa kifua karibu kila mwezi, na mwaka jana walikwenda mara mbili.

Kilichobadilika sasa si moyo wa mtu. Mzee amestaafu, na kiwanda kinaendeshwa na binti yake, ambaye wafanyakazi wanamwita Bosi Binti, mbele yake na nyuma yake. Amepata mkataba wa viatu vya shule, mkubwa kuliko wowote uliopita. Mkataba unataka mashine mpya ya kumimina soli. Mashine inataka chumba chenye mlango mpana na waya wa umeme mkubwa, na chumba cha namna hiyo ni kimoja tu, hiki cha wajane. Stoo nyingine zimejaa ngozi na maboksi. Mafundi umeme wanakuja Jumamosi.

Alimpa Mshenga wiki tatu za kukiacha kitupu. Viatu vilikuwa mia sita na arobaini.

Ni rahisi kumchukia meneja wa namna hii ukiwa mbali. Ukikaa naye unaona ugumu. Mashine itaajiri watu arobaini, na maombi yao yako mezani kwake, mengine yameandikwa kwenye karatasi za daftari la shule.

"Sikusomea biashara ili nichome viatu vizuri," anasema. "Lakini pia siwezi kwenda langoni kuwaambia watu arobaini wasubiri, kuna viatu vimelala kwenye nafasi yao."

Nyuma ya kiti chake kuna picha kubwa ndani ya fremu. Anaonekana akikabidhi madawati kwa shule. Kila mwaka kiwanda hutoa kitu na kupiga picha. Anaitazama kwa muda, kisha anasema kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuketi hapo akamuuliza habari za madawati hayo.

Mshenga hakubishana naye. Watu arobaini, anasema, ni nyumba arobaini, na yeye aliwahi kusimama langoni na karatasi kama hizo. Aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kutumia simu ya kiwanda kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka kengele ya kazi.

Kwa hiyo Jumatatu anapiga simu. Jumanne anapiga simu. Watu wanakuja na magongo, na viti vya magurudumu, na mmoja anakuja mgongoni mwa kaka yake. Kutoka langoni hadi chumbani ni hatua mia na thelathini juu ya kokoto. Mshenga alizihesabu siku moja akiwa ameazima magongo ya fundi saa, ili ajue anawaita watu waje wapi. Anasema alipumzika mara nne.

Jumatano jioni vimebaki mia na themanini. Binti yake anauliza kama Ijumaa afue au asifue, maana ana mashuka ya nyumba tatu. Mshenga anamwambia afue. Kisha anamwambia asubiri kwanza. Kisha anasema hajui.

Alhamisi vimebaki tisini na kimoja.

Ijumaa saa tano mchana kuna watu wawili chumbani pamoja na Mshenga. Mmoja ni fundi saa. Mwingine ni mwalimu wa chekechea ya ng'ambo ya ukuta, mwanamke mrefu mwenye mguu mmoja wa kulia, naye anavaa arobaini na moja. Miaka sita iliyopita Mshenga alikuta namba zao zikitazamana katika daftari, kushoto na kulia. Tangu hapo, mara moja kwa mwaka, wananunua jozi moja nzima dukani na kugawana, kila mtu na nusu yake. Shida ni kwamba lazima wakubaliane kuhusu kiatu. Leo wamekuja kuagana na chumba, lakini wamekuja pia na jozi zao mbili za kuchagua.

"Mwaka jana ulinivalisha cheusi kama askari," mwalimu anasema. "Mwaka huu zamu yangu. Kahawia."

"Kahawia kinaonyesha vumbi."

"Una kimoja tu cha kufuta, kaka. Usinichoshe."

Fundi saa anamgeukia Mshenga, anamwambia huyu mwanamke aliyemtafutia ana mdomo. Mshenga anamjibu kwamba yeye alimtafutia mguu, mdomo ulikuja wenyewe.

Bosi Binti ameingia wakati wanacheka, mkononi ana futi ya kupimia mlango. Anaomba radhi, anataka kurudi nje. Mwalimu anamwambia apite, chumba ni chake. Meneja anapita, lakini hapimi. Anatazama kiatu cha kahawia kwenye mguu mmoja wa mwalimu na mwenzake kwenye mguu mmoja wa fundi saa, na mtu anaweza kumwona akichukua muda kuelewa.

Kisha anauliza vimebaki vingapi.

"Arobaini na saba," Mshenga anajibu.

Anauliza kwa nini hivyo haviondoki. Mshenga anafungua daftari na kusoma bila haraka, huku akionyesha kila kiatu kwa kidole. Thelathini na nane kulia, wa mshona mashuka, amelazwa, anatoka mwezi ujao. Arobaini na tatu kushoto, wa dereva wa zamani, yuko mbali, anasubiri mwanawe aje na gari. Thelathini na sita kulia, wa msichana wa mapokezi, amesema atakuja akipata mshahara. Anasoma kumi na tatu namna hiyo. Meneja hamkatizi.

Kinachofuata ni kiatu cha ngozi laini cha kushoto, namba arobaini. Mshenga anakinyanyua na kulifunga daftari.

"Na hiki, Mama?"

"Hiki mwenyewe bado hajafika."

"Unamfahamu?"

"Hapana, mwanangu. Na hivi vilivyobaki vyote ni vya namna hiyo. Mtu yupo mahali fulani hivi leo ana miguu yake yote miwili, anatembea. Siku akija, nataka akute kipo."

Bosi Binti anaiweka futi mfukoni. Anachukua kile kiatu mkononi mwa Mshenga, anainama, anachukua kingine, anatoka navyo. Wanasikia visigino vyake kwenye ngazi za ofisi. Anarudi mikono mitupu, anachukua viwili zaidi.

Safari ya tatu mlinzi anaona aibu na kuanza kumsaidia. Ilipofika saa saba, viatu arobaini na saba vilikuwa vimepangwa kwenye rafu ya mafaili nyuma ya kiti cha meneja. Picha ya madawati imeshushwa na kuegemezwa ukutani, kwa kuwa ilikuwa inaziba nafasi.

Mnunuzi wa mkataba anatarajiwa wiki ijayo kuja kutia saini. Bosi Binti anajua ataulizwa habari za viatu hivyo kabla mgeni hajaketi, na anasema afadhali aulizwe hilo.

"Sasa wajane wanakaa na bosi," Mshenga anasema akifagia chumba kitupu. "Wamepanda cheo kunizidi."

Ana mpango, na ameshaupeleka juu. Karibu na lango kuna kibanda cha zamani cha mlinzi ambacho hakitumiki, chenye dirisha linalofunguka barabarani. Anaomba rafu mbili, benchi moja na njia nyororo ya saruji yenye mteremko, ili mtu afike bila kukanyaga kokoto hata moja. Meneja amesema seremala ataanza baada ya mashine kufungwa. Hajasema tarehe, na Mshenga hajaiuliza.

Jambo la pili amelitunza kwa uangalifu zaidi. Juzi alimuuliza fundi wa mashine mpya kama inaweza kumimina soli ya mguu mmoja tu, bila mwenzake. Fundi alimwambia inawezekana, kila kalibu, lile umbo la chuma linalomiminiwa soli, ina swichi yake. Mshenga alimrudishia swali hilo mara mbili ili awe na hakika.

"Wajane ni wa bahati," anasema. "Mtu anakuja, anakuta au hakuti. Natamani siku moja mtu aje dirishani aseme, nipimie kimoja, cheusi, na atengenezewe chake. Asilipie mguu asio nao, wala asisubiri kiatu cha mwingine kiharibike."

Saa nane kasoro, simu yake inalia. Ni binti yake. Yuko uani na mashuka ya nyumba tatu kambani, na majirani wote wamesimama milangoni wanatazama upande wa kiwanda. Anauliza aanue au aache.

Mshenga anaenda hadi dirishani. Huko nyuma shimo liko kama lilivyokuwa, majani yameota pembeni, toroli limeegemezwa ukutani, tupu.

"Ziache, mwanangu," anasema. "Zikauke vizuri."